Ndege wa mtoto atengenezwe na mtoto, na vitu vya kuokota

Kwa mhariri,

Naomba nafasi niongee na walimu wa PP1 na PP2, yaani chekechea, pamoja na wazazi wenzangu hapa Nairobi. Muhula uliopita binti yangu alikuja na ujumbe kwa dayari ati kesho alete ndege wa kutengeneza. Ilikuwa saa moja jioni ndio nimeshuka matatu, ikabidi nirudi stejini kutafuta manila, gundi, manyoya ya rangi na yale macho ya plastiki yanayotingika, pesa ya mboga ya siku mbili ikaenda hapo, na usiku nikakaa nikikata na kubandika mpaka saa tano mtoto ashalala kitambo. Alipewa nyota. Nikamuuliza huyo ni ndege gani, akaniambia, "Ni ndege wa mama." Iliniuma sana.

Basi Jumamosi nikamchukua yeye na watoto wawili wa jirani tukaenda bustani ya miti ya Arboretum na mfuko mtupu. Waliokota koni za paini, vijiti, majani makavu, na yale maganda ya mbegu ya jakaranda ambayo yakikauka yanafunguka kama mdomo unaodai chakula. Tukirudi mama wa mahindi choma akatupatia maganda bure kabisa. Ukiyaloweka maji kidogo yanalainika, unayakunja yanakuwa mabawa, unafunga na uzi wa katani. Gundi tulipika sisi wenyewe, unga wa ngano na maji, unakoroga motoni kama uji mpaka ushike. Na kokwa ya embe msitupe jamani! Ioshe, ianike juani, zile nyuzi zake zinasimama mpaka unaona kifaranga kabisa.

Tulijaribu udongo pia lakini huu wetu mweusi wa Eastlands unapasuka ukikauka, mpaka tulipochanganya na nyasi zilizokatwakatwa ndio ukashikana vizuri, nikawaambia hata mbayuwayu wanajenga viota na matope. Hapo maswali yakaanza. Nikawaeleza kuhusu mnana, yule wa manjano, kwamba dume ndiye anasuka kiota, jike anakuja kukagua, asipokipenda dume anakibomoa anaanza kingine. Kijana wa jirani kusikia hivyo akabomoa kiota alichokuwa anatengeneza akaanza upya, na hakuna mtu alimwambia afanye hivyo.

Binti yangu alitaka wale korongo wakubwa wenye kipara wanaokaa kwa miti karibu na uwanja wa Nyayo, anawaona kila siku kwa dirisha la matatu. Mwili ni koni, miguu vijiti, na ule mfuko unaoning'inia shingoni alitengeneza na ganda la kitunguu chekundu. Mimi singewahi kufikiria hiyo.

Tahadhari moja kubwa ni mbono. Zile mbegu zenye madoadoa zinapendeza sana kuwa macho ya ndege, na miti yake imejimea kila mahali kando ya barabara na mito yetu, lakini ni sumu kali, mtoto akitafuna ni hatari ya kifo. Na kwa wale wadogo wanaoweka kila kitu mdomoni hata mbegu ndogo isiyo na sumu inaweza kuwakaba, chora jicho na makaa tu. Manyoya tumieni ya kuku, myaoshe na sabuni na maji moto, msiokote ya ndege aliyekufa. Viota viacheni mtini.

Walimu, nawaheshimu, najua darasa lina watoto wengi na nyinyi pia mnasukumwa. Ombi langu ni tupewe wiki moja sio usiku mmoja, na kwa dayari muandike vitu vya kuokota peke yake, halafu ndege akija amepinda mdomo mumpokee hivyo hivyo, huyo ndio wa mtoto. Kaunti nayo iangalie shule za chekechea zilizobanwa katikati ya maploti bila hata mti mmoja, hao wataokota nini kama si vizibo vya soda?

Yule korongo bado yuko dirishani kwetu. Juzi mguu mmoja ulitoka, binti yangu akaubandika mwenyewe na uji wa ngano bila kuniita.

Mzazi,
Umoja, Nairobi