Ombi la mstari mmoja kwa akili mnemba si lazima liwe kazi ndogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua sisi tunaoandika programu za kompyuta hapa Dar es Salaam, hasa tulio katika ofisi ndogo zinazowatengenezea mifumo wenye maduka ya jumla: ni wakati gani ombi tunalompa msaidizi wa akili mnemba linahitaji kupangiwa kwanza, na ni wakati gani linaweza kutekelezwa papo hapo. Wengi wetu tunapima kwa urefu. Ombi likiwa la mstari mmoja tunaliachia liende, likijaza skrini tunasema hili zito, tulikalie chini. Kipimo hicho kiliniponza, ndiyo maana naandika.

Mteja wetu mmoja, muuza vifaa vya umeme Kariakoo, alitaka bei katika mfumo wake zionekane pamoja na VAT. Nikamwandikia msaidizi sentensi moja tu: "Fanya bei zote zijumuishe VAT." Hakuniuliza kitu, nami sikumtaka aulize. Baada ya dakika chache alikuwa amegusa mafaili saba na kuzipiga hesabu upya bei zilizomo katika kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu za mfumo, majaribio yote yakapita, nikaenda kunywa chai. Kesho yake karani wa duka alichapisha tena risiti ya mwezi uliotangulia kwa mnunuzi aliyepoteza yake, na mzigo uliouzwa kwa shilingi 11,800, yaani 10,000 za bidhaa na 1,800 za kodi, ukasomeka 13,924. Mfumo ulikuwa umeongeza asilimia 18 juu ya bei ambayo tayari ilikuwa na asilimia 18 ndani yake.

Kumbe bidhaa za zamani ziliingizwa zikiwa na kodi ndani, na zile za karibuni ziliingizwa bila kodi. Mhasibu wa duka alilijua hilo, mimi nilikuwa nimelisahau, na msaidizi hakuwa na namna ya kulijua kwa kuwa halikuandikwa katika faili lolote alilofungua. Isitoshe, risiti ilikuwa inavuta bei ya leo kutoka kwenye jedwali la bidhaa kila inapochapishwa, badala ya kutunza bei ya siku ya mauzo. Kosa hilo ni letu, tena la siku nyingi. Msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe (vijana wanauita kodi, neno ambalo katika barua hii lingeleta balaa), tuliurudisha kwa amri moja ya Git, zana inayotunza matoleo ya nyuma ya msimbo. Bei zilizokwisha kubadilika ndani ya kanzidata hazirudi kwa amri hiyo. Tulizisahihisha moja moja kwa siku mbili, tukilinganisha na risiti za EFD, mashine ya kutolea risiti za kodi, huku mhasibu akitukumbusha kwa simu kwamba ritani ya VAT inatakiwa kufikia tarehe 20.

Wiki hiyohiyo mwenzangu alimwandikia msaidizi ombi la aya tatu kuhusu ripoti ya mauzo ya siku: safu zipangwe vipi, jina la duka likae wapi, tarehe ianze na siku kisha mwezi. Lilikuwa refu, lakini halikuhitaji mpango wowote, kwa sababu ripoti inasoma kumbukumbu bila kuzibadilisha, inakaa katika faili moja, na ikikosewa kosa linaonekana kwa macho na kurekebishwa kabla haijamfikia mtu.

Siungi mkono, hata hivyo, wale wanaodai kila ombi lianze na mpango. Zana nyingi siku hizi zina namna ya kumfanya msaidizi asome mafaili na kuandika mpango bila kugusa kitu mpaka umkubalie, na ni jambo jema. Lakini nimemwona kijana wa mafunzo kwa vitendo akipewa hatua sita za kubadili rangi ya kitufe, akabofya "ndiyo" bila kusoma, na sikumlaumu, kwani hapakuwa na cha kusoma. Hofu yangu ni kwamba mkono uliozoea kukubali mipango ya vitufe utakubali hivyohivyo mpango wenye mstari wa kufuta jedwali la wateja.

Mimi sasa, kabla ya kuomba mabadiliko, namwomba msaidizi anionyeshe tu ni wapi jambo ninalolitaja linatumika. "Bei" ile ilikuwa katika jedwali la bidhaa, ankara, risiti na ripoti ya mwezi, na kila mahali ilikuwa na maana yake. Jibu likiwa ni mahali pamoja, kazi iendelee. Pakiwa pengi, au ikiwa kuna kumbukumbu zilizohifadhiwa zitakazoandikwa upya, au kuna kitu kitakachotoka nje ya mfumo, kama vile SMS kwa wateja ambayo ikishatumwa imetumwa, basi tunaandika mpango kwanza, na mpango huo ausome pia mtu anayeijua biashara, usiachiwe mwandishi wa programu peke yake.

Juzi mteja huyohuyo aliomba namba zote za simu zianze na 255 badala ya sifuri. Ni sentensi fupi kuliko ile ya VAT. Mpango wake ulikuwa nusu ukurasa, na ndani yake msaidizi aliuliza tufanye nini pale ambapo mteja mmoja ameandikishwa mara mbili, mara moja kwa sifuri na mara moja kwa 255, kila akaunti ikiwa na deni lake. Nilimpigia mhasibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tusiguse kitu mpaka aje na daftari la madeni.

Wako,
Mwandishi wa programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam