Pijo la mzee: mwambie fundi aweke grainda chini kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba,

Salamu zako nimezipata, na picha zote nane zimefika. Huku wazima, shemeji yako anakusalimia na anauliza mtakuja lini. Nilitaka kukupigia, lakini mambo haya ukiyasema kwenye simu hupotea, nawe utakuwa umesimama gereji, fundi anakusubiri useme ndiyo. Bora uwe nayo mkononi uyasome.

Kwanza ahsante kwa kukataa kuliuza. Lile Pijo (Peugeot) 504 stesheni mimi nalidai pia. Siti ya nyuma kabisa, nyie watatu na mimi wa kudandia, na yule jogoo wa bibi aliyefungwa miguu akitudonoa njia nzima. Sasa nilipoona picha ya tatu, kizingiti kimeliwa na kutu toka chini ya mlango wa mbele hadi kwenye tairi la nyuma, nikasikitika. Lakini uliposema fundi ameahidi kukata vizingiti vya pande zote mbili na kumaliza kwa siku mbili, hapo niliogopa kabisa.

Atakwambia Pijo ni chuma, halipindi, ndilo lililoshinda Safari Rally ya 1975 Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Kweli lilishinda. Lakini siku hiyo lilikuwa na vizingiti vyake.

504 si Land Rover, halina chesisi, yaani fremu ya chini, ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Kizingiti, ule ukanda chini ya milango unaouona kama urembo, ni sanduku la bati, tabaka la nje na la ndani, na ndilo linaloshika sehemu ya mbele ya gari na ya nyuma zisiachane. Ukilikata bila kuegemeza kitu umetoa boriti huku dari liko juu.

Nayajua kwa sababu yalinipata. Ile gari yangu nyeupe ya saluni unaikumbuka. Fundi wa kwanza, jina lake liache, aliinyanyua kwa jeki moja katikati, akakata. Pua ikalala kidogo, mkia ukalala kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, naye akachomelea hivyo hivyo. Tulipoishusha, mlango wa dereva juu ulikuwa na pengo la kuingiza kidole, na chini bati limegusana na bati. Unajua alifanya nini? Akachukua grainda akaupunguza mlango! Kisha puti, ile lipu ya bodi, kisha rangi, ikang'aa. Masika ya pili puti ikapasuka, na ndani tukakuta kiraka cha bati la kuezekea nyumba, jembamba kama karatasi. Nililipa kazi moja mara mbili.

Aliyeninyooshea ni mzee mmoja wa hapa hapa, na wiki tatu nilikaa naye kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama. Siku ya kwanza hakukata kitu. Alifunga milango yote, akachukua keekee, yaani biti ya drili, ya milimita 5, akaupitisha mkia wake kwenye kila pengo, juu, chini, mbele, nyuma. Panapobana akaandika kwa chaki, panapolegea akaandika. Halafu akaufungua kila mlango, akaushika ncha na kuunyanyua. Mmoja ulicheza. Akasema pini za bawaba zimelika, tuzibadilishe kwanza, la sivyo tutakuwa tunanyoosha bodi kwa kosa la bawaba. Mwambie fundi wako afanye hilo kabla ya yote.

Kisha gari lisikae kwenye jeki. Liwekwe juu ya stendi za chuma, nyuma chini ya ekseli, mbele chini ya mikono ya springi, uzito ukae pale ulipozoea kukaa siku zote. Kusawazisha hakuhitaji mtambo. Mzee alitumia mpira wa maji, ule ule wa waashi, toka kona moja ya sakafu hadi nyingine, akaongeza vibao vyembamba mpaka maji yakalingana. Ndipo akachomelea skwea paipu kwa ndani, toka nguzo ya mbele hadi nguzo ya kati, na toka ya kati hadi ya nyuma, akaacha nafasi milango iweze kufunga. Hapo kwenye kufunga usikubali kujadiliana. Kila mlango pima pia mshazari, toka bawaba ya juu hadi kona ya chini upande wa kitasa, na upande wa pili wa gari vilevile. Andika daftarini, chaki itafutika.

Upande mmoja tu kwa wakati. Upande mzima unabaki kuwa shahidi. Na kipande kipya kiwe kimeshakunjwa, kiko mkononi, kabla cha zamani hakijaguswa. Huko Moshi hutapata cha dukani, lakini mwenye mashine ya kukunja bati atakukunjia. Mpelekee geji 20, yaani kama milimita 0.9. Cha zamani kisiraruliwe kwa grainda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwenye ukingo kuna vidoa vya mviringo, ndipo kiwanda kilipobana bati mbili kwa umeme. Vitobolewe kimoja kimoja kwa drili, tabaka la juu tu, na ukingo wa chini ubaki mzima uwe alama ya kukalia kipya.

Kipya nacho kitobolewe matundu ya milimita 6, kila baada ya sentimita 3 au 4, kishikwe kwa skrubu, na ufunge milango. Keekee ipite. Ukiridhika fungua, funga tena. Hapo ndipo moto unaanza, na uwe wa mashine ya waya na gesi, si vijiti vile vya kuchomelea mageti, vitakutobolea bati lote. Nukta moja huku, nukta nyingine mwisho ule, nyingine katikati. Bati lililopashwa moto likipoa hujikunja na kuvuta jirani yake, kwa hiyo asipige mstari mrefu hata kama ana haraka. Mzee alikuwa akiweka kiganja. Kama panaunguza, anakwenda kunywa kahawa.

Siku ya nne keekee ilikwama kona ya chini ya mlango wa nyuma. Mimi nisingejali, mlango ulikuwa unafunga. Yeye alikata nukta tatu alizoziweka asubuhi, akatia kibao na jeki ndogo ya chupa chini ya kizingiti, akapampu taratibu huku sikio liko karibu na bati. Likalia tik. Kilichosogea ni unene wa kadi ya harusi. Akapitisha keekee, ikateleza hadi mwisho, akachomelea upya. Mpaka leo mlango ule unafunga kwa kidole.

Ile picha ya sita, juu ya tairi la nyuma, rangi imevimba. Bati hilo limechomelewa pia, si la kufungua kwa spana kama madigadi ya mbele. Aanze kulipanga kutoka ukingo wa mlango kwenda nyuma, maana mkunjo wa ubavuni lazima uendelee ule ule. Ukishuka milimita 2 utauona kila ukilitazama gari kwa pembeni. Na taa ya nyuma ifungwe mahali pake kabla ya moto. Utashangaa wangapi humaliza kuchomelea ndipo wagundue taa haikai.

Mengine haraka. Betri na nyaya za alteneta zitolewe. Tanki la petroli lishushwe kabisa, usikubali kufunikwa na gunia lenye maji. Zulia lote nje, na ile lami iliyobandikwa sakafuni ikwanguliwe, hushika moto taratibu bila wewe kuona. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Kati ya bati na bati ipakwe praima ya zinki, na vitundu vya kutolea maji chini ya kizingiti visizibwe. Ndani ya sanduku ipigwe nta wakati wa mwisho, baada ya moto wote kuisha.

Mwambie fundi wako kwa adabu kuwa una mgeni anakuja. Nitapanda basi la asubuhi Jumamosi, nakuja na mpira wa maji, keekee na daftari. Wewe nunua skwea paipu mbili na umtafute mwenye stendi nne za kuazima. Na akikuomba aing'oe milango kwa kuwa inamzuia kufanya kazi, mwambie ibaki ilipo mpaka nifike.

Wako,
Yule wa siti ya nyuma