Kwa wazazi wa Langoni na Mkomani: tunayasikia

Wanangu,

Vichochoro vyetu ni vyembamba, na sauti ya darini hushuka mpaka kwenye daka la jirani. Basi wanayoambiwa watoto baada ya alasiri, saa ya kutoka madrasa, tunayasikia sote. "Mjinga kama babako." "Ningalijua nisingalikuzaa." Kisha mtu hujisifu: mimi mwanangu simpigi.

Simsemi mzazi aliyechoka akafoka mara moja. Mtoto akikosa, aambiwe kosa lake. Nasema la kila siku: kumtweza mbele ya wenziwe, kumnunia siku tatu hata salamu haitikiwi, kumtisha kwamba atapelekwa kwa ami yake Mombasa asirudi. Na kumbebesha matusi baina ya mama na baba walioachana. Hili ndilo tulilolizoea mno, na kwangu ndilo baya kuliko yote.

Alama mwilini hamtaiona. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Tumbo humuuma kila asubuhi ya shule, na daktari haoni ugonjwa. Huomba radhi kwa kikombe alichokivunja paka! Mwengine halii kamwe, ila huwapiga punda mawe. Dalili moja si ushahidi, zikikusanyika, msinyamaze.

Wewe jirani uliyesikia, kaa na mtoto faragha, si barazani. Mwambie umeyasikia na si makosa yake. Akisema, usimkatize, wala usimuahidi kuwa hutamwambia mtu. Kisha mwendee mzazi akiwa peke yake, kwa upole. Huenda naye ameelemewa. Asiposikia, afisa wa watoto yupo, na nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure usiku na mchana. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 haikuishia kwenye fimbo. Madhara ya nafsi nayo imeyataja.

Wala msinijibu kwamba ndiyo adabu ya dini. Anas bin Malik aliingia nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) angali mtoto, akamtumikia miaka kumi, hakuambiwa hata "uf", neno la kuchukizwa.

Na wewe uliyekwisha kusema, mtafute mwanao leo kabla hajalala. "Samahani" tupu haitoshi. Litaje lile neno lenyewe, umwambie halikuwa kweli. Kama ulimtukana barazani, lifute barazani, waliolisikia wakiwapo.

Bibi yenu,
Mkomani, Lamu