Barua kwa Rashidi: kijana wako na nafasi ya mpokeaji

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeisoma yote. Unasema kijana yuko sekondari hapo Columbus, ana mbio lakini ni mwembamba, makocha wa futiboli ya Kimarekani wamempanga kuwa mpokeaji wa pembeni, yule anayekimbia mbele kudaka mpira unaorushwa, nawe una wasiwasi kama mwili ule utamfikisha kwenye futiboli ya chuo kikuu. Wembamba usikunyime usingizi. Mwangalie miguu anapofika mahali pa kukata kona, maana kazi ya mpokeaji inasimama au kuanguka hapo.

Chukua mfano wa DeVonta Smith. Alitoka Amite, mji mdogo wa Louisiana, akaingia Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 2017, na mpaka anaondoka hakufika kilo 80. Msimu wa kwanza alidaka mipira 8 tu, ila mmoja wa hiyo ndio uliomaliza fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 2018 kule Atlanta. Ilikuwa muda wa nyongeza, Georgia wanaongoza kwa pointi 3, na Alabama wamerudishwa nyuma yadi 16. Kwotabeki, yaani mrushaji wa mpira, Tua Tagovailoa akatazama kulia kwanza ili beki wa nyuma asisogee, huku Smith akikimbia moja kwa moja pembeni kushoto. Yadi 41, tachidauni (mpira umefikishwa eneo la mwisho la wapinzani), Alabama wakashinda 26 kwa 23. Hata hivyo mwaka uliofuata hakuwa nyota wa timu, kwa sababu mbele yake walikuwepo Jerry Jeudy na Henry Ruggs. Alidaka 42, kisha 68. Mwaka 2020 wenzake hao wawili walikwenda NFL, ligi ya kulipwa. Yeye pia alikuwa na ruhusa ya kuondoka, akabaki. Msimu huo akadaka 117, yadi 1,856, tachidauni 23, na akapewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991.

Sasa mazoezi. Mwanzoni asimame na mguu ulio upande wa mpira ukiwa mbele, uzito karibu wote juu ya mguu huo. Wengi hurudisha mguu wa nyuma nusu hatua kabla ya kuondoka, na beki amekwisha pata nafasi. Mchukue video kwa simu kutoka ubavuni, utaliona kosa hilo mara moja. Akiondoka, yadi 10 za kwanza zifanane kila mara, awe anakwenda moja kwa moja au anataka kukata. Beki husoma mabega: kifua kikinyanyuka, anajua mtu anakaribia kusimama. Kwa hiyo akitaka kugeuka, ashushe nyonga, kifua kibaki juu ya magoti, hatua 2 au 3 za mwisho ziwe fupi na za haraka, kisha auchomeke mguu wa nje ardhini na kuelekea ndani kwa pembe kali. Akizunguka kama gari kwenye kona, beki anapita upande wake wa ndani na kuudaka mpira, kwa kuwa kwotabeki aliyezoeana na mpokeaji wake huurusha kabla hajageuka. Wazazi jukwaani humlaumu mrushaji, ilhali mara nyingi kosa ni la aliyechelewa kufika mahali pake.

Kuhusu mikono: mpira ulio juu ya kiuno, vidole gumba vikaribiane, ulio chini ya kiuno, vidole vidogo vikaribiane. Adake kwa vidole, mpira usigonge kifua. Macho yaufuate mpaka uingie kwapani. Mipira mingi inayodondoka, mkono ulikwisha ugusa; kichwa ndicho kilichogeuka mapema kutafuta njia ya kukimbilia. Kwenye mstari wa pembeni, chuoni mguu 1 kukanyaga ndani ya uwanja unatosha mdako uhesabiwe, NFL wanataka 2. Mimi ningemzoesha 2 tangu sasa.

Kuzuia mabeki ili mwenzake apite nako asikudharau. Kocha wa chuo akitazama video huangalia pia anafanya nini mpira ukienda kwa mwenzake.

Masomo ndiyo yanayowakwamisha vijana wengi wenye kipaji. Kwa Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, anahitaji kozi 16 za msingi na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0 katika kozi hizo, na 10 kati yake ziwe zimekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari, 7 zikiwa Kiingereza, hisabati au sayansi. Nenda kwa mshauri wa shule muhula huu, umwombe orodha ya kozi zinazotambuliwa, kwa kuwa si kila somo la shule linahesabiwa. Na jambo la viza: tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, lakini akiwa bado kwa viza ya mwanafunzi asisaini mkataba wowote wa matangazo kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji. Anaweza kuhatarisha ukaazi wake kwa pesa kidogo.

Nitumie hiyo video ya ubavuni, mikimbio mitano au sita inatosha, nikuandikie nionavyo.

Wako,
Idi