Benzi au BMW: jibu la swali lako

Ilala, Dar es Salaam

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka Ilala. Huku sote wazima, watoto wamesharudi shule, na mama anakuulizia kila wiki. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha za yale magari mawili unayoyapigia hesabu, Benzi E-Class la silva na BMW 5 Series nyeusi. Umesema mambo ya injini na bei umeshayamaliza na fundi wako wa huko Tanga, na kwangu unataka jambo moja tu: lipi zuri zaidi. Nimefurahi umeniuliza mimi. Miaka yote hii ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, nimeyajua magari kwa kiganja kuliko kwa macho.

Picha sikuziamini, kwa hiyo jana asubuhi nilikwenda mwenyewe yadi. Nikayakuta yameegeshwa ubavu kwa ubavu, nikakaa nayo mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nianze na Benzi, maana ndilo linalokuita kwanza. Hilo ni W211, jina la kiwandani la toleo lililotoka mwaka 2002. Utakumbuka lile la kabla yake, la mwaka 1995, lilivyowashtua watu na macho yake manne ya mviringo. Walikuwa wamezoea taa pana za pembe nne za W124, toleo la nyuma zaidi, halafu ghafla gari linawatazama. Kwenye W211 macho ni yale yale manne, ila yamelazwa kidogo kufuata boneti, na uso mzima ukatulia. Nilisimama kwa ubavu nikafumba jicho moja, nikaufuata mgongo wa paa kwa kidole kutoka kioo cha mbele hadi ukingo wa buti. Ni mkunjo mmoja. Hakuna mahali ulipokatika. Ile nyota juu ya boneti inamaliza kazi. Benzi hili ukilitazama mara moja umelielewa, na hilo nalisema kwa heshima kubwa, maana ni kazi ngumu kuchora kitu ambacho bibi harusi, mzee wa mtaa na mtoto wa chekechea wote wanakiona kizuri kwa mara moja. Ndani nako kuna mbao, chrome kidogo, na saa ya mishale kando ya spidomita. Heshima tupu.

Sasa BMW. Hapa nitakuchosha kidogo.

Hiyo ni E60, nalo ni jina la toleo, la kuanzia mwaka 2003. Ilizaliwa kwenye ugomvi. Miaka miwili kabla yake BMW walitoa 7 Series mpya, na wapenzi wa BMW wenyewe wakaikasirikia, hasa buti lake, hadi wakakusanya saini wakitaka Chris Bangle, mkuu wa usanifu, aondolewe. Hasira ile ikaiangukia na E60. Wengi waliilinganisha na E39 iliyotangulia, ile ya mwaka 1995 aliyoichora Mjapani Joji Nagashima, gari ambalo mpaka leo sijakutana na mtu anayelichukia. Kumfuata kaka kama huyo ni mtihani. Na aliyeichora E60 kwa nje, Muitaliano kijana aitwaye Davide Arcangeli, alifariki mwaka 2000, kabla gari lake halijaonekana barabarani. Kila inapoingia E60 hapa gereji namkumbuka. Hakusikia matusi, na hakusikia sifa zilizokuja baadaye.

Katika picha zako BMW ile inaonekana nzito, macho yamekunjwa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Picha imeionea. Weka kiganja kwenye mlango wa mbele, chini kidogo ya kitasa, kisha ukivute taratibu kuelekea chini. Utasikia bati linaingia ndani, kidogo sana, halafu linatoka tena kabla ya kufika chini. Juu yake kuna mstari unaopita kwenye vitasa hadi taa ya nyuma, mkali kama pindo la suruali iliyopigwa pasi. Jua likilala, upande wa juu wa mstari ule unang'aa na wa chini unaingia kivulini, na ukipiga hatua tatu kivuli nacho kinahama. Nilizunguka gari lile mara nne, na kila mara nikaona gari jingine. Benzi halinifanyii hivyo. Benzi liko vile vile ukilitazama kutoka popote.

Jambo moja usije ukashtuka. Mimi hutembea na sumaku ndogo mfukoni ya kutafutia puti, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea, maana sumaku hainasi juu yake. Kwenye milango ya BMW ilinasa vizuri, lakini kwenye fenda ya mbele ikadondoka. Fundi mgeni atakuambia limejazwa puti. Sivyo. Sehemu yote ya mbele ya E60, hadi ukuta unaotenganisha injini na abiria, ni alumini, ili pua iwe nyepesi. Benzi nalo lina boneti ya alumini, lakini BMW walikwenda mbali zaidi. Kwa hiyo pale sumaku haikusaidii, tazama mstari. Ukitoka kwenye fenda lazima uingie mlangoni bila kupanda wala kushuka. Niliupitisha ukucha kwenye ule mwanya mara kadhaa, pande zote mbili, ukavuka bila kukwama. Gari lile halijagongwa mbele, au kama liligongwa, aliyelirudisha ni bingwa.

Kasoro zipo, sitakuficha. Buti lake bado linaonekana kama kifuniko kilichowekwa baadaye, na Benzi kwa nyuma linalishinda wazi kabisa. Ndani pia nimesikitika. E39 ilikuwa na dashibodi iliyomgeukia dereva, unakaa unajiona rubani. E60 wakainyoosha, wakaweka skrini katikati na kile kitufe cha kuzungusha. Ni safi, ni pana, lakini ule ukaribu umepotea.

Pamoja na hayo, mimi naichagua BMW. Benzi utalipenda siku ya kwanza na mapenzi yatabaki pale pale, na kwa mtu mwingine hilo lingetosha. Wewe nakujua tangu tulipokuwa tunakaa ukutani pale barabara ya kumi na mbili tukibishania magari yanayopita. Wewe ni mtu wa kugeuka nyuma baada ya kufunga mlango. E60 itakugeuza kila siku.

Usikubali neno langu bila kuona. Njoo Ijumaa ulale kwetu, Jumamosi tufike yadi saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda juu, maana saa sita mchana gari jeusi ni jeusi tu, mistari yote inapotea. Nimeshaongea na mlinzi. Atalimwagia maji kuondoa vumbi, na atalisogeza kutoka ukutani ili tuweze kulizunguka.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi ndugu yako,
fundi wa Ilala