Majitaka ya mkonge si jambo geni kwetu

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lako bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya wiki iliyopita, iliyoisifu kama fursa mpya kazi ya kugeuza majitaka ya viwandani kuwa gesi, umeme na mbolea, imenishinda kuinyamazia. Upya wake uko wapi? Zaidi ya miaka 15 iliyopita, kampuni ya mkonge ya Katani Limited ilijenga pale Hale, mkoani Tanga, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mtambo wa kuzalisha umeme wa kilowati 150 kwa makapi ya mkonge. Mwandishi wenu angeuliza kwa nini mashamba mengine hayakuiga.

Singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge. Yanayosalia huoshwa na maji ya korona, ile mashine ya kusaga majani na kutoa singa, na kutupwa, ilhali yakiingizwa katika tangi lisilopitisha hewa, bakteria wasiohitaji oksijeni huyavunjavunja na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ile inayowaka. Maji yanayotoka humo hayajawa safi bado, ila hupunguzwa makali katika mabwawa au hurudishwa shambani yakarutubishe mkonge.

Mimi nalima nyanya kandokando ya kijito kinachopita chini ya shamba moja la mkonge, na msimu uliopita, korona ilipofanya kazi mfululizo, maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi, yakatoa povu na harufu ya mayai viza, samaki wakaelea matumbo juu, na mjukuu wangu aliyeingia kuchota maji ya kumwagilia akajikuna miguu usiku kucha. Nilipokwenda kwa meneja, nilikaribishwa kiti kwa adabu zote, kisha nikaambiwa, “Mzee, hayo ni majani tu, si kemikali.” Majani tu! Kana kwamba majani yakioza majini hayanyonyi oksijeni ambayo samaki wanaihitaji, na kana kwamba utomvu wa mkonge haujulikani kwa kuwasha ngozi kwa kila kibarua aliyewahi kuukata. Viwango vyetu vya majitaka vinataka mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu majini, yasizidi miligramu 30 kwa lita, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye alipe, lakini kwetu anayelipa ni mwenye nyanya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Serikali imeziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, nasi wazazi tunachangishwa fedha za mitungi ya gesi ya shule, huku gesi ambayo ingetosha kuivisha maharage ya watoto hao ikipotelea hewani juu ya kijito, hatua chache kutoka jikoni kwao.

Napendekeza sharti moja katika kibali cha kila kiwanda: bomba la kuvuta maji ya matumizi yake, pamoja na ya chai ya ofisini, liwekwe hatua hamsini mbele ya bomba la kutolea uchafu, kule maji yanakoelekea. Wakaguzi nao waje Jumatano saa nne asubuhi, korona ikiwa inanguruma, na wasipige simu kabla ya kuja.

Msomaji wako,
Wilaya ya Korogwe