Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tasnifu Zirudi Zilikotoka

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu wa chama chetu cha wahitimu, wazee wetu walezi, na wanafunzi mliotuitikia mwaliko, nawasalimu nyote na karibuni Arusha mliotoka mbali.

Hesabu atazisoma mweka hazina na sitaki kumwingilia. Niseme tu kwamba wanaolipa ada mapema ni wale wale walioajiriwa juzi, ambao bado wanakatwa asilimia 15 ya mshahara na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Sisi tuliokwisha kumaliza deni ndio wa kupigiwa simu na katibu. Wahusika mnajijua.

Misiba tumekwenda, harusi tumechangia, waliopanda vyeo tumewapongeza. Yote yamo kwenye mihtasari ya vikao.

Kikao chetu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kilikuwa na faida kuliko nilivyotarajia, maana safari hii hatukupeleka hotuba. Tuliwaacha waulize. Wakauliza mambo ya kweli: bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa mtu ale nini, ukikosa hosteli ni halali kubebana kitanda na rafiki, na mwenye sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, aanze na ipi ili asidisko, yaani asiondolewe chuoni kwa kufeli. Kuhusu madesa, yaani maandishi ya masomo wanayoachiana wanafunzi, mhadhiri mmoja mwanachama wetu aliwaambia wayasome bila aibu, ila wasidhani kwamba aliyeandika desa naye alifaulu. Walicheka sana, na wengine waliacha kucheka mapema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kamati imelitumikia zaidi mwaka huu. Wengi wetu tulipata shahada kwa kwenda vijijini na hojaji, chupa za sampuli na barua ya mtendaji. Wenyeji walitukalisha, wakatujibu, wakatupa na chai. Kisha tukaondoka. Tasnifu ikakaa maktaba, nakala nyingine ikaenda kwenye jarida la Kiingereza, na aliyejibu maswali hakusikia tena habari yake.

Mwanachama wetu mmoja alifanya utafiti wa maji katika kijiji kilicho chini ya Mlima Meru. Tulimwomba arudi, nasi tukafuatana naye. Aliandika matokeo kwenye karatasi za manila kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, bila jedwali hata moja. Kabla hajaanza, bibi mmoja alisimama na kumuuliza, "Binti yangu, si wewe uliyechukua maji yetu? Tulijua umeyanywa." Ukumbi ukaangua kicheko, lakini swali lilikuwa limefika.

Matokeo yenyewe si mageni kwa mtu wa Arusha. Miamba ya volkano ya Meru hutoa floraidi nyingi, aina ya madini, nayo huingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, na yako maeneo ya kwetu yanayopita hapo mara kadhaa. Meno ya kahawia tunayotaniwa nayo tukienda mikoani asili yake ni hiyo. Kilichokuwa kigeni kwa wenyeji ni mambo matatu. Kwanza, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inakuwa kali zaidi. Pili, magadi tunayolainishia maharage na makande nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Tatu, meno huharibika yanapojengeka ndani ya ufizi, yaani utotoni. Hapo mzee mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini mke wake, mzaliwa wa Korogwe, ana meno meupe na watoto wao wote hawana. Kwa miaka yote alidhani watoto wamemfuata yeye.

Baada ya hapo mazungumzo yaligeuka. Mama mmoja aliuliza kama maji ya mvua yangefaa kwa watoto wadogo peke yao, na jibu ni kwamba yakivunwa kwa usafi yanafaa. Wengine waliuliza habari za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi na umefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Hakuna aliyeuliza tasnifu ilipata alama gani.

Mfano wa namna hii tunao jirani. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alikulia kijiji cha Gongali, Karatu, akayajua magonjwa ya maji machafu tangu utotoni. Alisoma hadi udaktari wa falsafa Korea Kusini, kisha akarudi na kubuni chujio la mchanga na chembechembe za nano, ndogo zisizoonekana kwa macho, linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa tuzo yake ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, pauni 25,000. Wengi husimulia tuzo. Mimi hupenda zaidi kwamba kampuni yake aliipa jina la kijiji.

Si kila mahali tulipokelewa vizuri. Chuo kimoja kilituzungusha kwa barua hadi mwanachama wetu akachoka kuomba nakala ya kazi yake mwenyewe. Kamati itaendelea kufuatilia, ila nashauri kila mhitimu abaki na nakala yake nyumbani.

Wenzetu wa Moshi wameomba tuungane nao katika kazi hii, hasa waliosoma Chuo cha Ushirika na kile cha wanyamapori cha Mweka, vyuo vilivyofunguliwa mwaka mmoja, 1963. Utafiti wa vyama vya kahawa na wa mipaka ya hifadhi una wenyewe vijijini wanaousubiri. Nimewajibu kwamba tuko tayari, nauli kila upande ujitegemee.

Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura. Mwanafunzi atakayepata msaada wetu wa utafiti arudishe matokeo kwa wenyeji, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kulipwa awamu ya mwisho. Najua baadhi yenu mnaona ni kumwongezea mzigo kijana aliyechoka, na hoja hiyo isikilizwe. Mjadala utafunguliwa mara baada ya taarifa ya fedha, na karatasi za kura anazo katibu.